Kabureta ya zamani: jinsi ya kutambua vipande usivyovijua

Ukiweka mezani kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli ya injini) ya miaka ya 1960 au 1970, kinachotisha ni wingi wa vitu vidogo vilivyotokeza nje: vipaipu vitatu vinne, vikombe vya bati, skrubu zenye springi, na waya mmoja uliokatwa ambao hakuna anayejua ulikuwa unaenda wapi. Wengi hukimbilia kutafuta picha ya kabureta inayofanana nayo. Picha husaidia, ila hudanganya pia. Viwanda vilitumia kalibu moja kutengeneza kabureta za magari mengi, kisha kabureta ya kila gari ikatobolewa matundu yake na kufungiwa vifaa vyake. Kabureta mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na kipaipu kilekile kikawa na kazi mbili tofauti, au kikawa hakina kazi yoyote kwenye moja yao.

Kwa hiyo usianze na sura. Kila kipande kiulize kimeunganishwa na nini: petroli, hewa, mvuto wa injini, umeme au mkono wa aksileta. Ukishajua kinapokea nini na kinapeleka wapi, jina lake linakuja lenyewe.

Hatua ya 1: picha kwanza, spana baadaye

Piga picha pande zote, na chini pia. Piga tena throto ikiwa imefunguliwa kabisa (throto ni lile bamba la duara chini ya koo, yaani njia ya hewa, linalozunguka ukikanyaga mafuta). Piga choki (bamba la juu linalobana hewa injini ikiwa baridi) ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Vyuma vyembamba vinavyounganisha mikono ya nje huwa na matundu mawili au matatu ya kuchagua, na tundu likibadilika, mwendo wa kifaa kizima unabadilika. Kama kabureta bado iko kwenye injini, funga kipande cha utepe kwenye kila mpira na uandike ulikotoka na unakokwenda. Usiiamini kumbukumbu yako kwa hili.

Osha nje kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta, mahali penye hewa na mbali na moto wowote. Vaa glavu, kwa sababu masalia ya petroli ya zamani yanaweza kuwa na risasi. Siki na asidi nyingine ziache: miili mingi ya kabureta ni aloi ya zinki, na asidi inaila. Soda kali nayo inakula alumini.

Hatua ya 2: tafuta namba, lakini namba sahihi

Kuna namba zilizovimba juu ya chuma, zilizotoka na kalibu. Hizo ni za kipande cha kusubu tu na hazikuambii hii ni kabureta ya gari gani. Unayoitaka ni namba iliyogongwa kwa chuma ikazama, au iliyoandikwa kwenye kibati kidogo kilichobanwa chini ya skrubu ya kifuniko.

Kati ya watengenezaji, Holley waligonga neno LIST na namba juu, kwenye ukingo wa mdomo wa hewa. Rochester Quadrajet, iliyoanza kutumika 1965, kwa kawaida ina namba ndefu iliyogongwa wima ubavuni mwa mwili. Carter walipenda kibati cha pembetatu, na ndiyo maana kabureta zao nyingi leo hazina utambulisho: mtu alifungua skrubu, kibati kikaanguka, basi. SU nao walitumia kibati, mara nyingi chenye herufi AUC au AUD kabla ya namba.

Kwa Weber, jina lenyewe linasema mengi. Ile 32/36 DGV ina mikondo (njia za hewa) miwili, mmoja wa milimita 32 na mwingine wa 36. Ile 40 DCOE ni milimita 40 kila mkondo. Namba inayofuata baada ya herufi ndiyo inayotofautisha DCOE ya gari hili na ya gari lile, kwa hiyo usiishie kwenye herufi. SU wana hesabu yao: chukua inchi moja, ongeza namba ya jina katika sehemu za nane za inchi. HS2 ni inchi 1¼, HS4 ni 1½, HS6 ni 1¾.

Hatua ya 3: fuata petroli

Anza na njia hii kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo yenye hatari ukikosea.

Paipu ya kuingiza petroli inaishia kwenye vali ya sindano, ile inayofungwa na boya mafuta yakijaa bakulini (chombo kinachotunza petroli ndani ya kabureta). Mara nyingi nyuma ya nati kubwa ya paipu hiyo kuna kichujio kidogo cha wavu ambacho watu hukaa nacho miaka bila kujua kipo. Pembeni yake panaweza kuwa na paipu nyingine, nyembamba kidogo, inayorudisha mafuta ya ziada kwenye tangi. Zikikuchanganya, lifanye jaribio hili. Kifuniko kikiwa kimeshaoshwa na boya likiwa bado linaning'inia chini yake, chomeka mpira mpya safi kwenye paipu moja na upulize taratibu kwa mdomo. Kifuniko kikiwa kimesimama kama kinavyokaa kwenye gari, hewa inapita. Kigeuze juu chini: boya linalala juu ya sindano, vali inafunga, hewa inakata. Hiyo ndiyo paipu ya kuingizia. Kama baada ya kugeuza hewa haikati bali inatokea kwenye paipu ya jirani, hizo mbili zimeungana, na ile nyembamba ndiyo ya kurudishia. Kompresa usiitumie hapa, itaminya boya.

Paipu ya tatu inayotokea juu ya bakuli, juu ya usawa wa mafuta, ni ya kupumulia. Hii usiizibe kamwe, hata kama haina mpira wowote. Bakuli lisipopumua, mafuta hayashuki vizuri kwenye jeti (kipande chenye tundu linalopima mafuta), na utahangaika na kila kitu kingine kabla hujafikiria kipaipu ulichokiziba kwa nia njema.

Halafu kuna paipu mbili pana kidogo zinazoingia na kutoka kwenye kasha la duara la choki. Zinaonekana kama za petroli. Ni za maji ya injini, ya kupasha choki. Zina kutu ya kahawia au ukoko mweupe ndani, na za petroli huwa na gundi ya rangi ya asali. Ukiona ukoko huo, umeshapata jibu.

Hatua ya 4: skrubu za nje

Skrubu yenye springi iko katika moja ya makundi mawili. Ama ncha yake inagusa mkono fulani, ama inazama ndani ya mwili wa kabureta bila kugusa kitu nje.

Inayogusa mkono ni ya kuzuia. Ikiwa inazuia mkono wa throto usifunge kabisa, hiyo ni ya mwendo wa sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa. Ikiwa inakaa juu ya kipande chenye ngazi ngazi kinachozunguka pamoja na choki, hiyo ni ya kuongeza mwendo injini ikiwa baridi.

Inayozama ndani, yenye ncha kali, ni ya mchanganyiko. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole mpaka iguse mwisho, ukihesabu mizunguko, na uandike. Usiibane kwa nguvu. Ncha itapata mkunjo na haitakaa sawa tena. Kwenye kabureta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980, skrubu hii imefichwa nyuma ya kizibo cha chuma, kwa ajili ya sheria za moshi. Ukikuta skrubu mbili za aina hii upande mmoja, moja nene na moja nyembamba, kama kwenye Solex 34 PICT-3 ya Volkswagen, nene ni ya hewa inayopita pembeni ya throto na ndiyo inayopanga mwendo. Nyembamba ndiyo ya mchanganyiko. Kwenye kabureta hiyo skrubu ya mkono wa throto haitumiki kupanga sailensi, ingawa kila mtu huikimbilia.

Hatua ya 5: vipaipu vya mvuto

Hapa ndipo penye vurugu kubwa zaidi, na ndipo muda wako utumike.

Injini ikivuta hewa huku throto imefungwa, chini ya throto panakuwa na mvuto mkali; juu yake hakuna mvuto wa maana. Kipaipu kinachofunguka chini ya bamba la throto kinavuta muda wote injini inaponguruma. Kipaipu ambacho tundu lake liko juu kidogo ya ukingo wa bamba lililofungwa hakivuti kitu kwenye sailensi; ukigusa mafuta kidogo, ukingo wa bamba unapita juu ya tundu na mvuto unatokea ghafla. Cha tatu, kisicho cha kawaida, kinatokea kwenye sehemu nyembamba ya koo. Mvuto wake ni dhaifu na unakua kadiri hewa inavyopita kwa wingi.

Namna ya kuvitofautisha injini ikiwa hai: iache kwenye sailensi, weka kidole kwenye mdomo wa kipaipu, chunga feni na mikanda. Kinanyonya kidole? Kiko chini ya throto. Kimya? Fungua throto kidogo kwa mkono. Kikianza kunyonya hapohapo, hicho ndicho cha juu ya throto. Kikiendelea kuwa kimya au kuvuta kwa unyonge hadi injini ipande sana, ni cha kooni.

Kama kabureta iko mezani, ingiza mrija wa dawa ya kupulizia kwenye kipaipu, vaa miwani ya kazi (nasema hivi kwa uzito, dawa hurudi kwa tundu usilolitarajia na huwa linatazamana na jicho), kisha puliza kidogo na uangalie dawa inatokea wapi. Fanya throto ikiwa imefungwa. Ikitokea upande wa chini wa bamba, upande wa juu, au kooni, maana yake ni ileile ya jaribio la injini hai.

Kazi zake sasa. Kipaipu kinene cha chini, chenye upana wa kidole kidogo, ni cha kunyonya moshi wa krenki au cha servo ya breki. Chembamba cha juu ya throto mara nyingi huenda kwenye distribyuta (kigawa cheche), kuwahisha cheche gari likiwa kwenye mwendo mwepesi. Zipo injini zilizopangiwa distribyuta ivute kutoka chini ya throto, kwa hiyo kitabu cha gari husika ndicho mwamuzi. Ukichomeka mpira wa distribyuta kwenye kipaipu kisicho chake, cheche inawahi wakati wa sailensi, injini inapanda, mtu anafungua skrubu ya throto kuishusha, na kuanzia hapo hakuna marekebisho yanayoshika. Cha kooni, kwenye magari ya miaka ya 1970 na kuendelea, kwa kawaida ni ishara ya vali inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini.

Kipaipu cha mvuto kisicho na kazi kizibe kwa kofia ya mpira isiyopasuka. Na kabla hujahangaika na uvimbe mmoja ulio kama kipaipu, mulika tochi ndani yake: kama haukutobolewa, huo ni wa gari jingine lililotumia kalibu hiyohiyo.

Hatua ya 6: vikombe vya bati na nyaya

Kikombe cha bati chenye kiwambo cha mpira ndani kinaweza kuwa kitu chochote kati ya vinne hivi, na chuma kinachotoka ndani yake ndicho kinachosema ukweli. Kikienda kwenye bamba la choki, kazi yake ni kulifungua kidogo mara tu injini inapowaka, isizame kwa mafuta. Kikienda kwenye shafti ya throto ya pili, ndicho kinachofungua mkondo wa pili injini inapohitaji hewa zaidi. Kikivuta mkono wa throto ya kwanza kuifungua kidogo, kinainua mwendo wa injini kompresa ya kiyoyozi inapoingia kazini. Na kama hakijaunganishwa bali kinasubiri tu mkono wa throto ukiguse, basi kinapunguza kasi ya throto kufunga. Ukikibonyeza kwa dole gumba kinarudi taratibu, kwa pumzi.

Vile vyenye paipu ya mvuto vipime hivi: sukuma chuma ndani, ziba mdomo wa paipu kwa kidole, achia. Kikikaa palepale, kiwambo ni kizima. Kikirudi, kimetoboka.

Kasha bapa lililofungwa ubavuni kwa skrubu nne, lenye mkono unaosukumwa na shafti ya throto, ni pampu ya aksileta. Fungua throto huku ukichungulia kooni, petroli ikiwa bakulini: unaona uzi mwembamba wa mafuta unarushwa. Halina paipu ya mvuto.

Kuhusu nyaya: kasha jeusi la duara lenye skrubu tatu na alama ukingoni ni choki ya kujiendesha, ndani yake mna springi bapa iliyojiviringa inayonyooka ikipata joto. Weka alama ya mahali lilipokaa kabla ya kulilegeza. Kifaa kilichokazwa kwenye mwili kama plagi, chenye waya mmoja, ni solenoidi (pini inayosogezwa na umeme) ya kukata petroli ya sailensi. Washa swichi bila kuwasha injini, chomeka na uchomoe waya. Usiposikia mlio wa "tik", imekufa au haina umeme. Solenoidi iliyo nje kabisa, yenye ncha inayosukuma mkono wa throto, ni nyingine. Hiyo inaachia throto ifunge kabisa ukizima gari, injini isiendelee kutetemeka na kujiwasha yenyewe.

Hatua ya 7: ndani

Usigeuze kabureta juu chini baada ya kutoa kifuniko. Gololi zitadondoka, na gololi ndizo vipande vinavyopotea zaidi na kurudishwa vibaya. Iliyo chini ya kisima cha pampu inaruhusu mafuta kuingia tu. Iliyo chini ya pua ya kurushia inaruhusu kutoka tu, na mara nyingi ina kijiuzito au springi juu yake. Zinaweza kutofautiana ukubwa, au moja ikawa ya chuma na nyingine ya alumini. Zitoe moja moja kwa kibano, kila moja kwenye kifuko chake chenye maandishi.

Jeti kuu iko chini, ndani ya mafuta. Jeti ya hewa iko juu, inapata hewa ya mdomo wa kabureta, na tundu lake kwa kawaida ni kubwa zaidi. Katikati yao mna mrija wenye vitundu ubavuni, wa kuchanganya hewa na petroli. Kwenye Weber DCOE vitatu hivi vinachomoka kwa pamoja: legeza kifuniko cha juu, fungua kishikio, na mkononi unakuwa na kijiti cha shaba kilichoandikwa, kwa mfano, 200 juu, F16 katikati na 135 chini. Hizo ni jeti ya hewa ya milimita 2.00, aina ya mrija, na jeti kuu ya milimita 1.35. Mafundi wa Weber huanza na jeti kuu iliyo karibu mara nne ya kipimo cha sehemu nyembamba ya koo: ikiwa milimita 34, jeti kama 135. Ukikuta namba za juu na chini zimebadilishana, mtu aliifungua kabla yako.

Solex nao huandika mia za milimita. Amal huandika kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika, na jeti za Holley zina namba ya orodha tu. Kwa hiyo 120 ya huyu si 120 ya yule, na jeti iliyoingia kwenye uzi si lazima iwe ya hapo. Usipitishe waya kwenye tundu la jeti. Shaba inakwaruzika na kipimo kinaharibika. Pulizia dawa, kisha hewa.

Vizibo vidogo vya risasi au shaba vilivyogongwa vikalala sawa na uso wa chuma si vali. Kiwanda kilitoboa njia kutoka nje kisha kikaziba. Viache.

Zile zenye pistoni

SU na Stromberg CD zina kuba juu na pistoni inayopanda yenyewe, kwa hiyo nusu ya vitu vya hapo juu hutavikuta. Kuba la Stromberg lina skrubu nne na kiwambo cha mpira chini yake. SU haina kiwambo, pistoni yake imelingana na kuba kwa usahihi mkubwa. Kama una SU mbili, usichanganye kuba la moja na pistoni ya nyingine. Kifuniko kidogo cha kileleni kina kijiti kinachozama kwenye oili nyepesi, na hiyo oili inatakiwa iwepo. Herufi za sindano ya pistoni, inayopima petroli (si ile ya boya), zimegongwa kwenye shina lake, sehemu inayojificha ndani ya pistoni.

Kipini kidogo chenye springi chini ya mwili, ambacho hakiendi popote, huwasumbua wengi. Ni cha kupimia. Injini ikiwa ya moto na kwenye sailensi, kisukume kiinue pistoni chini ya milimita moja: mwendo ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi, injini ikitaka kuzima, ni machache, ikipanda kidogo kisha ikarudi, umepatia.

Kwenye Amal za pikipiki, kitufe cha juu ya bakuli kinazamisha boya ili mafuta yafurike kabla ya kupiga kiki. Skrubu ya ubavuni iliyo upande wa kichujio cha hewa inapunguza hewa, kwa hiyo ukiikaza mafuta yanaongezeka. Kwenye pikipiki nyingine ikiwa upande wa injini, mambo yanageuka: ukiikaza unapunguza.

Kikibaki kimoja bila jina

Kirudishe kilipokuwa, na gasketi mpya yenye matundu yaleyale. Linganisha gasketi mpya na ya zamani kwa kuzilaza moja juu ya nyingine kwenye mwanga. Tundu moja lililozibwa linatosha kuua njia nzima. Funga kabureta, jaza bakuli, na uangalie dakika chache kama petroli inatoka kwenye paipu ya kupumulia au inadondoka kooni kabla hujawasha. Kisha chomoa au badilisha kitu kimoja tu, sikiliza injini kwenye sailensi, ikikanyagwa ghafla, na ikiwa baridi asubuhi yake. Kipande kisichobadilisha chochote katika hali hizo tatu huenda kinafanya kazi gari likipanda mlima au likiachiwa mafuta ghafla, kwa hiyo usikitupe mpaka umeliendesha.